Mashine ya Vumbi, Wiki ya Kilio

Mashine ya kunasa vumbi ilifika Mubi Jumatatu, na yaya wangu alikufa Jumanne asubuhi. Watu waliyaunganisha mambo hayo mawili upesi sana, kama watu wanavyojua kuunganisha. Mimi sikuunganisha kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi, Mama akatoka chumbani akasema, "Amekwenda," nami nikaanza kutafuta mahali pa kukiweka kile kikombe. Hilo njo jambo la kwanza nililofanya. Niliweka uji juu ya meza, nikaufunika usiingiwe na nzi.

Wiki ile sikulia. Nasema mapema mtu asikae kuningoja.

Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamume ao mwanamke. Wangu alikuwa mwanamke, mrefu, mwenye kicheko kinachofika barabarani, na kazi yake ilikuwa kutwanga mawe. Tulitoka milima ya Masisi, kwenye maharagwe na muhogo, tukashuka Walikale mwaka ambao mashamba hayakulimika tena. Sitaeleza kwa nini. Kila mtu wa kule ana hadithi yake na zote zinafanana. Mubi, mji wa Walikale tulikofikia, haikuwa na shamba la kutupa. Ilikuwa na maduka, pikipiki, malori yaliyozama kwenye matope, na mawe. Wachimbaji wanayatoa mawe ya dhahabu msituni, wanawake wanayatwanga mpaka yawe unga, kisha unga unaoshwa kwenye karai. Wanawake hao wanaitwa mama twangeze. Mama na yaya waliingia katika kazi hiyo kwa sababu, yaya alisema, kutwanga walikuwa wanajua tayari. Kilichobadilika ni mboga tu.

Uwanja wao uko nyuma ya maduka, paa la bati bila kuta. Vinu ni vya chuma na mitwangio ni chuma. Ukisikia kutoka mbali utadhani ni mafundi wanagonga magari. Vumbi lake ni jeupe, laini kuliko poda ya mtoto, na haliteremki upesi. Linakaa hewani likiangalia watu. Jioni wanawake wanatoka pale nyusi nyeupe, na vijana wa pikipiki wanawatania: "Bamama, leo mumekuwa bazungu!" Yaya alikuwa akiwajibu, "Basi mutuoe, mupate viza!"

Mimi sikutwanga. Nilisomea maabara, na kazi yangu katika kituo cha afya ni kuangalia makohozi ya watu kwenye mikroskopi, kutafuta vidudu vya kifua kikuu. Yaya alipoanza kukohoa nilimletea kikopo mwenyewe. Nikatafuta kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha kwenye mkeka wa mtoto. Sikupata kidudu. Nikarudia, sikupata. Majirani walisema ni karuho, ile sumu ya watu wabaya. Wengine walisema ni mimi ninaficha ugonjwa wa ndugu yangu kwa haya. Aah! Acha waseme. Yaya alikonda, akawa anatwanga ameketi, kisha akawa anaosha tu, kisha akawa anakuja uwanjani kulala kwenye mkeka na kuwasumbua wengine kwa maneno.

Nilijua ni nini. Si kwamba nilikuwa na akili nyingi. Kila mtu pale uwanjani alijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na yaya alikuwa anazikung'uta nguo zake mlangoni kila jioni. Lakini kujua ni kitu kimoja, kuonyesha ni kingine. Kule ofisini, kikohozi kisicho na kidudu hakina jina, na kisicho na jina hakina dawa wala mtu wa kuulizwa.

Hapo njo Docta akaja. Hakuwa daktari wa sindano, alikuwa mtu wa utafiti, mwana wa wafanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki mwenye rozari inayoning'inia ndani ya gari. Alikuwa anaeleza sayansi kama mtu wa duka anavyouza kitambaa: shika, vuta, angalia mwenyewe. Alipitia Hombo kwa sababu njia ya Masisi haikupitika. Alikuwa na mashine mbili. Moja aliipeleka Ntoto, ambako nako kuna wanawake wanaotwanga, na moja aliniachia mimi, kwa sababu kituoni walimwambia ninajua kushika vitu vidogo bila kutetemeka.

Mashine yenyewe ni kisanduku, ukubwa wa redio ya zamani. Upande mmoja kina tundu linalovuta hewa polepole. Ndani kuna waya mwembamba kuliko unywele, wenye umeme mkali unaotoka kwenye betri. Vumbi likipita karibu na waya ule, kila chembe inapewa chaji, inabebeshwa umeme kidogo. Mbele yake kuna kisahani cha chuma, kipana kama kizibo cha soda, chenye chaji ya kinyume. Basi chembe haina la kufanya. Inavutwa, inaganda pale. Na si zile kubwa tu unazozipiga chafya. Zile ndogo kabisa, ambazo jicho halizioni na kitambaa hakizizuii, zinazofika mpaka mwisho wa mapafu na kukaa, njo hizo hasa inazozitaka. Kisha kisahani kinapelekwa chuo kikuu, chini ya mikroskopi kubwa kuliko yangu, wanaziangalia chembe moja moja na kujua ni za jiwe gani.

Mkubwa wa wanawake wa kutwanga, ambaye wote walimwita Mama Prezida, aliizunguka mashine mara nyingi, mikono kiunoni.

"Docta," akasema, "hii mashine yako haiko navuta dhahabu yetu?"

"Hapana, Mama. Ulikuwa na televizio ya zamani, ile ya mugongo mukubwa?"

"Nilikuwa nayo."

"Kioo yake haikukuwa inashika mavumbi, hata ukipanguza kila siku?"

"Ee! Ile kioo! Inashika mpaka mavumbi ya jirani."

"Njo ile ile. Umeme njo inavuta."

Mama Prezida akafikiri. "Basi kama inashika kila kitu yenye iko naruka, tuiweke kwa mulango ya bar, itushikie wanaume yetu."

Uwanja mzima ukacheka. Yaya alicheka kwenye mkeka wake kuliko wote, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaendelea mpaka wenzake wakanyamaza na kurudi kwenye vinu. Hiyo njo Jumatatu, na mashine iliwashwa usiku, kazi imekwisha.

Sasa jambo lililokuwa linatungoja ni hili. Docta alikuwa na ahadi ya watu waliolipia utafiti wake: hangari, yaani banda, ya kutwangia kwa maji, yenye bomba linalolowesha jiwe ndani ya kinu ili vumbi lisipande. Moja tu kwa kuanzia. Ingejengwa pale ambapo visahani vitaonyesha hali ni mbaya kuliko kwingine. Mashine ingekaa kwetu hadi Jumamosi, kisha gari liendelee na safari, na haingerudi. Na Mama yangu alikuwa ameanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha yaya cha mwanzo, kile kile, kikavu, cha asubuhi, na alikuwa anageukia ukuta nisikisikie. Kwa hiyo msinisifu kwamba niliipenda sayansi. Niliitaka hangari ile kwa ajili ya kifua cha Mama, basi.

Jumanne yaya akafa, na vinu vikafunikwa.

Lazima nieleze desturi hii. Kule milimani, mtu akifa, nyumba za jirani hazitwangi. Si muhogo, si sombe ya majani yake, si kitu. Sauti ya kinu karibu na kilio ni matusi. Ni kama kusema maisha yanaendelea na huyu mumzike upesi. Wanawake waliposhuka Mubi waliileta desturi hiyo mpaka kwenye kinu cha chuma. Mmoja wao akifa, ao mtoto wa mmoja wao, vinu vyote vinageuzwa kinywa chini, na vinakaa hivyo wiki nzima, mpaka kilio, ao matanga, kiondoke. Hata hapo hakuna anayegusa kabla ya mama wa marehemu. Yeye njo anafunua cha kwanza. Kama hana nguvu ya kufunua, wote wanangoja. Wachimbaji wanajua, wanakaa na mawe yao, hakuna anayenung'unika kwa sauti.

Wakati wa kumwosha yaya mimi nilikuwa uwanjani nabadilisha kisahani. Docta alikuwa ameniagiza: asubuhi na jioni, kwa kibano, usiguse kwa kidole, zima umeme kwanza. Nikazima, nikachukua, nikaweka kingine, nikawasha. Ng'ambo ya njia wanawake walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa, na mashine ilikuwa inaunguruma taratibu kati ya vinu vilivyolala kifudifudi. Mtu alipita akaniona. Mchana habari ilikuwa imezunguka kwamba mimi nina roho ya jiwe. Sikukasirika. Labda ni kweli. Umewahi kuulalia mkono mpaka ukafa ganzi? Unauona ni wako, unaubana, hausemi kitu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Jumatano tulimzika. Mvua ilinyesha, na kaburi likawa linajaa maji mekundu huku vijana wanayachota kwa ndoo. Mama alishikwa huku na huku. Mimi niliangalia viatu vya wale vijana, nikafikiri: mvua hii italaza vumbi zaidi. Njo nilichofikiri, ndugu yangu anashushwa. Nilitamani kulia kama mtu anavyotamani kupiga chafya, unainua uso, unangoja, inarudi ndani.

Alhamisi Docta alirudi kutoka Ntoto, matope mpaka magotini. Alikwenda moja kwa moja uwanjani. Nilimkuta ameshika visahani vyangu, kimoja kimoja, anaviinamisha kwenye mwanga. Vilikuwa vinang'aa kama vya dukani.

"Visahani iko mutupu," akasema. "Mashine iliharibika?"

"Mashine iko muzima. Hakuna mwenye kutwanga."

"Ju ya nini?"

"Tuko na kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya yaya yangu."

Alivua kofia. "Ule dada mwenye alicheka?"

"Njo ule."

Akaketi juu ya kinu kimoja kilichofunikwa, kisha akakumbuka ni kinu, akainuka kwa aibu, akafanya ishara ya msalaba. Mashine ilivuta hewa safi ikaitoa.

"Dada," akasema, "nikuambie kweli. Hii visahani ikifika kule, itasema hewa ya Mubi ni muzuri kuliko ya Ntoto. Siwezi kuandika mavumbi yenye sikushika."

"Ngoja kilio iishe."

"Gari haiko yangu. Na barabara, leo iko wazi, wiki ingine nani anajua?" Akazungusha kofia mikononi. "Na siwezi kuomba bamama batwange. Mi ni mutu wa huku. Najua kilio ni nini."

Nilimkasirikia kwa adabu yake hiyo. Mgeni asiyejua kitu angeuliza wazi, wangemkatalia, tungegombana, mambo yangekwisha. Huyu alielewa! Alielewa, akaelewa, na kuelewa kwake kungetuacha na vumbi letu. Vumbi lilikuwa limemuua yaya, na kifo cha yaya kimelilaza vumbi wiki nzima ambayo lilihitajika kusimama. Nililiwaza neno hilo njiani kote nikirudi nyumbani. Nilingoja liniume. Halikuuma.

Nilianza na Mama Prezida. Alikuwa nyuma ya nyumba yetu anasimamia sufuria za kilio. Nikamwambia: tutwange kesho, siku moja tu, mashine ione.

Alinitazama mpaka mwiko ukaanza kudondosha maharagwe kwenye mguu wake.

"We!" akasema. "Yaya yako hajakauka kwa kaburi na we uko nataka nitwange? Masomo imekukula akili? Kama ingekuwa kilio yangu, angekuja kutwanga kwa mulango yangu?"

"Mama Prezida, mashine inaondoka Jumamosi."

"Iondoke! Iende na Mungu!" Kisha akashusha sauti, na sauti ile ya chini ilikuwa mbaya kuliko ya juu. "Na hata ningetaka, si mi njo mwenye kufunua. Ni mama yako. Enda umwambie mwenyewe, kama uko na kinywa ya kusema ile maneno."

Nilikuwa nacho. Jambo moja zuri la ganzi ni hilo, kinywa kinafunguka kirahisi.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kitambaa cha kilio kichwani, wanawake wakongwe pande zote. Niliwaomba watupishe. Walitoka wakiniangalia vibaya. Nikapiga magoti.

"Mama, mashine itaenda kesho kutwa."

"Nimesikia."

"Itaenda na hewa ya kilio. Batasema huku hakuna mavumbi. Hangari ya maji itaenda Ntoto."

"Ntoto nako kuna bamama," akasema.

"Ndiyo."

"Nabo bako nakohoa."

"Ndiyo, Mama."

Alikuwa anauvuta uzi wa mkeka kwa ukucha, anaurudisha.

"Unataka nitwange," akasema. "Mutoto yangu ameingia kwa udongo jana, na unataka nitwange."

"Ndiyo, Mama."

"Hulii, na unataka nitwange."

Hakuwa ananitukana, alikuwa anayaweka mambo mawili pamoja ayaone. Kisha akasema, "Enda ukule, hujakula tangu juzi," akajilaza upande, akageukia ukuta. Nilisikia kikohozi akikibana ndani ya kitenge. Nikaenda nikala. Maharagwe yalikuwa yamepikwa vizuri, chumvi ya kutosha, na niliyamaliza. Hilo nalo walilisema.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeinama juu ya mashine, kibano mkononi, nikasikia chuma kinaburuzwa nyuma yangu. Niligeuka. Mama alikuwa uwanjani peke yake, miguu mitupu, kile kitambaa bado kichwani. Hakuwa amegusa kinu chake. Alikuwa amekifunua cha yaya. Alikwenda pembeni, mahali yaya alipokuwa anaweka mfuko wake wa mawe ambao hakuumaliza, akamimina kiasi, akashika mtwangio kwa mikono miwili, akapiga.

Sauti ile katika kimya cha siku zile! Kuku walikimbia. Ng'ambo ya njia wimbo ulikatika katikati ya neno. Mtu akapiga kelele, "Yooo! Mama amechanganyikiwa!" na wote wakaja mbio, wengine na watoto mgongoni, wengine na unga wa bugali mikononi. Mama hakuinua macho. Alipiga, akapumzika, akapiga.

Mama Prezida alifika anahema. Aliukamata mtwangio juu ya mikono ya Mama.

"Mama, acha. Acha. Hauko muzima leo. Kuja tukupeleke kwa nyumba."

"Niachie."

"Ni kilio, Mama!"

"Najua ni kilio, mi njo nilimuzaa." Mama alikuwa anazungumza bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Hii jiwe alikuwa ameianza. Mi njo nitaimaliza. Na ile mashine iangalie yenye ilikuwa inamukula."

Mama Prezida hakuachia mara moja. Walisimama hivyo, wanawake wawili wazima na chuma kimoja, na mimi pale na kibano changu. Kisha akaachia. Alikwenda kwenye kinu chake, akakipiga teke kikageuka, akakiinamisha vizuri kwa mguu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, na alilisema kama tusi, analitupa kwangu, si kwa Mama. Akachukua mtwangio wake. Baada yake wakafunua wengine. Si wote. Baadhi waliondoka wamejifunika mdomo, na mmoja wao mpaka leo hatusalimii, akituona anavuka njia. Namheshimu. Alimpenda yaya.

Wale waliobaki walitwanga bila maneno. Siku zote uwanja ule ni makelele: utani, umbeya, mtu anamwita mwenzake majina. Siku ile kulikuwa na chuma tu. Vumbi likapanda. Lilitoka kinu kwa kinu, likakutana chini ya bati, likakaa. Nilikimbia kituoni nikaleta maski, nikagawa. Mama aliivaa, akatwanga nayo kidogo, kisha akaivuta chini ya kidevu kwa sababu anayetwanga anahitaji pumzi yake yote. Nikamrudishia juu. Akaivuta tena. Nikamrudishia, akanitazama, nikaacha.

Nikarudi kwenye mashine yangu. Na hapo, niseme tu wazi, nilikuwa nalitaka vumbi lile. Niliangalia tundu la mashine na nikatamani: ongezeka, panda, ingia. Mama alipokohoa nilimsikia, alipopiga tena nikaona wingu jipya linapaa kutoka kwenye kinu cha yaya, na moyo wangu ukafurahi. Mbaya sana. Nikaja nikaketi karibu naye, kwenye vumbi lile lile, ili angalau tulipumue wote wawili. Haikumsaidia mtu.

Walitwanga mpaka jioni. Mama alikuwa wa mwisho kuacha. Aliukung'uta mfuko wa yaya mpaka kokoto ya mwisho, akaimaliza, kisha akakigeuza tena kinu kinywa chini, na wenzake wakafanya hivyo hivyo, wakarudi kwenye kilio wakiwa weupe kichwa mpaka miguu. Hakuna kijana wa pikipiki aliyesema neno.

Jumamosi Docta alikuja na gari. Nilikuwa nimeshakiweka kisahani ndani ya kikebe chake. Alikifungua, akainamisha kwenye mwanga kama alivyofanya na vile vingine. Hiki hakikung'aa. Kilikuwa na doa la kijivu katikati, laini, kama ukiigusa meza yenye unga kwa ncha ya kidole. Docta alikiangalia muda mrefu. Vumbi lilikuwa bado kwenye bati juu yetu, kwenye majani, kila mahali, hakuuliza lilipandaje.

"Hii inatosha," akasema. "Hii haina mubishano."

Nilidhani nitafurahi. Nilianza kukunja waya.

Mama alikuja kutoka nyumbani, amenawa, kitambaa kichwani. Wanawake kadhaa walimfuata kwa mbali, Mama Prezida mbele yao. "Nionyeshe," akasema.

Docta alimwomba asiguse, akamshikia kikebe karibu na macho. Mama aliinama, akakitazama upande huu na upande ule.

"Njo hii?"

"Njo hii, Mama," nikasema.

"Kidogo hivi."

"Ni ya siku moja tu, Mama," Docta akasema. Alikuwa anataka kumtia moyo, maskini. "Na mashine inavuta hewa kidogo sana. Mutu anavuta mingi kuliko ile, mara mingi."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, ameelewa. Niliona midomo yake inacheza, anahesabu miaka, kutoka mwaka tulioteremka mpaka jana. Kisha akaweka kiganja kwenye kifua chake, pale juu, chini ya koo.

"Na yangu?" akaniuliza.

Mama hakumuuliza Docta. Mimi. Mimi ninayetafuta vitu katika vifua vya watu, mimi niliyemwinua kwenye mkeka. Docta aliligeukia gari. Nilifungua kinywa nimpe jibu la kituoni, lile la kwamba tutapima, tutaangalia, tusubiri, na kilichotoka ni sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Ilitoka yote kwa mara moja, ya Jumanne, na ya kaburini, na ya vile vikopo vyote. Nilianguka chini kwenye unga wa mawe, nikamlilia yaya wangu, nikamwita, mbele ya Docta, mbele ya wanawake wote, na sikuweza kuisimamisha.

Mama aliniacha kidogo. Kisha akasema, "Nyamaza sasa. Funga mashine yao, gari iko nangoja," akainama kunishika mikono aniinue. Kifua chake kikaja karibu na sikio langu, nikasikia kinavyopiga filimbi.